Mvietinamu na maneno mazito ya Kiingereza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nafundisha Kiingereza jioni mjini Hai Phong, Vietnam. Nina mwanafunzi mtu mzima, dada mhasibu wa kampuni ya meli, anayetafuta alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS ili aombe masomo ya uzamili nje. Daftari lake limejaa "detrimental" (chenye kudhuru), "ubiquitous" (kilicho kila mahali), "plethora" (wingi wa kupindukia), kila neno na maana yake ya Kivietinamu pembeni. Ukimuuliza maana, hakosi hata moja. Lakini akiandika insha nakutana na "Smoking very detrimental health" na "I hope I will success". Nimemwongezea orodha, hali ni ileile. Kivietinamu changu mimi ni cha kununulia mboga tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza acha kumwongezea orodha. Nilifundisha Da Nang, hukohuko Vietnam, kwenye chumba kilichokuwa juu ya karakana ya pikipiki, na daftari la aina hiyo nalijua hadi rangi za kalamu zake. Maana anazo. Anachokosa ni tabia ya neno: lina umbo gani likiingia kwenye sentensi, na linaandamana na maneno gani.

Katika Kivietinamu neno halibadiliki umbo. Hakuna kiambishi cha wakati, cha nafsi wala cha wingi. "Thành công" ni kufanikiwa, ni mafanikio, na ni sifa ya aliyefanikiwa, yote kwa neno hilohilo. Alipoandika "success" na pembeni "thành công", alidhani amelimaliza, kumbe amepata sehemu moja tu ya ukoo mzima. Tena kivumishi chao hakihitaji kitenzi cha kukibeba: "cô ấy đẹp", yeye mzuri, basi. Ndiyo maana "is" inamponyoka kabla ya "detrimental". Sisi tunaosema "yeye mzuri" kila siku tungepaswa kuliona hilo haraka.

Kwa hiyo kila neno lipewe ukurasa wake, na ukurasa uwe wa ukoo: "succeed in", "success", "successful", "successfully". Chini yake weka mtego wa "successive", ambalo ni la ukoo huo na maana yake ni "mfululizo". Kwa "detrimental" aandike "detrimental to" na "a detrimental effect on". Halafu atunge sentensi kutoka mezani kwake: meli imechelewa, kontena limelala bandarini, gharama za "demurrage", yaani tozo ya kuchelewa bandarini, zinapanda. "The delay was detrimental to our cash flow" itamkaa kichwani kuliko hizo habari za sigara ambazo kila mtahiniwa amezinakili.

Kwenye maneno yanayoandamana, jihadhari na wewe mwenyewe. Wavietinamu dawa wanaikunywa, "uống thuốc", kama sisi. Akiandika "drink medicine" badala ya "take medicine", jicho lako la Kitanga litapita bila kugutuka. Ndivyo ilivyo pia kwa "discuss about": wao wana "thảo luận về", sisi tuna "kujadili kuhusu", Kiingereza kinasema "discuss" bila nyongeza. "Emphasize on" nayo ni hivyohivyo. Makosa haya usiyasahihishe kwa kusikiliza tu, fungua kamusi inayoonyesha maneno yanayokwenda pamoja. (Neno "thuốc", kwa taarifa yako, ni dawa na pia ni tumbaku. Ukilinywa umepona, ukilivuta shauri yako.)

Sasa nikwambie mtaji alionao, ambao pengine hakuna aliyemwambia. Kaskazini mwa Vietnam kulitawaliwa na Wachina karibu miaka elfu moja, hadi vita vya mto Bạch Đằng mwaka 938, na mto huo uko hapohapo karibu na Hai Phong unapokaa. Hata baada ya hapo wasomi waliendelea kuandika kwa herufi za Kichina. Mitihani ya mwisho ya maofisa kwa maandishi hayo ilifanyika Huế mwaka 1919. Leo wanaandika kwa herufi kama zetu, lakini maneno ya shule, sheria na sayansi yamebaki yenye asili ya Kichina, wanayaita Hán Việt. Nayo yameunganishwa vipande vipande, sawasawa na Kigiriki na Kilatini ndani ya Kiingereza.

"Vô" ni bila, "danh" ni jina: "vô danh" ni "anonymous", na "anonymous" kwa Kigiriki ni hilohilo, bila jina. "Sinh" ni uhai, "học" ni elimu: "sinh học", "biology". "Thủy điện" ni maji na umeme: "hydroelectric". "Tự truyện" ni "autobiography", "đa quốc gia" ni "multinational", na "hóa" ya mwisho katika "hiện đại hóa" ni "-ize" ya "modernize". Dada yako amekuwa akikariri kama mawe yaliyotawanyika kitu ambacho katika lugha yake anakijenga kila siku.

Usijitie kumfundisha hayo, mwombe akufundishe. Bila shaka wanakuita "thầy", mwalimu, na wengi wao huona haya kumuuliza mwalimu au kukosea mbele ya wenzao. Ukikaa wewe upande wa mwanafunzi, mdomo wake utafunguka. Mwonye tu kuhusu "invaluable" na "inflammable". Akiona "in-" ataleta "bất" yake ya kukanusha, aseme la kwanza ni kitu kisicho na thamani na la pili ni kitu kisichowaka moto. Ni kinyume chake kabisa.

Na "plethora" aifute. Msamiati ni robo ya alama za kuandika na za kuzungumza, na mtahini anatazama kama neno limekaa mahali pake. "Plethora" ya mtu aliyeshindwa kuweka "is" inanuka kukariri.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Hapa Dar es Salaam nafanya kazi na kaka wa Kivietinamu. Kiingereza chake kwenye barua pepe ni cha hali ya juu, akiongea "nice", "night", "knife" na "nine" zote ni "nai". Tatizo ni masikio yangu?

JIBU: Masikio yako ni mazima. Silabi ya Kivietinamu haifungwi kwa s, f, v wala l. Na ikiwa na irabu pacha kama "ai", haifungwi kwa konsonanti yoyote ile. Sisi konsonanti ya mwisho tunaipa irabu, "benki", "deski". Wao huimeza. Mkopeshe ugonjwa wetu: aseme "nai-si", "nai-ti", "nai-fu", polepole, kisha aanze kuipunguza ile irabu hadi isisikike. Kwa maneno yanayoishia na konsonanti zaidi ya moja ni muhimu zaidi, maana "risk", "risks" na "risked" kwake zinakuwa neno moja, na katika simu ya biashara hiyo si tofauti ndogo.

SWALI: Mwalimu, kwani mtu anahitaji maneno mangapi ili asome gazeti la Kiingereza bila kamusi?

JIBU: Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kuwa ni koo za maneno 8,000 hadi 9,000. Ukianza na hesabu hiyo utakata tamaa. Tafuta orodha ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina koo 570 tu. Ukiandika kadi zako, usiweke neno na tafsiri. Weka sentensi yenye pengo, ujaze mwenyewe.