Kuuchora ukatili uliozoeleka: maswali yenu na majibu

Kila inapokaribia Novemba 25, siku zinapoanza zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia ambazo huendelea hadi Desemba 10, hupokea maswali mengi kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kuhusu matumizi ya uchoraji katika kazi hiyo. Nimeyafupisha baadhi na kuyajibu hapa, na majina ya walioandika nimeyaacha kwa makusudi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Mafinga. Tumefanya mikutano, tumealika wataalamu, lakini wanafunzi bado wanaona kutukanwa na kupigwa nyumbani ni jambo la kawaida. Picha itafanya nini ambacho hotuba imeshindwa?

Mwalimu, hotuba humwambia msikilizaji kwamba ukatili ni mbaya, na hilo wanafunzi wako wameshalikubali; wasichokubali ni kwamba kinachotendeka nyumbani kwao ni ukatili. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti huohuo ulionyesha jambo linalonisumbua zaidi, kwamba asilimia 58 ya wanawake, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wanaume, walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Mtu anayeamini hivyo hawezi kubadilishwa na mkutano wa saa moja, kwa sababu anapokusikia anaitikia kwa kichwa huku akimfikiria jirani.

Picha humpa nafasi ya kuzungumza juu ya mtu mwingine aliye mbele yake. Bandika mchoro mmoja ubaoni, usiandike maelezo yoyote chini yake, kisha waulize wanafunzi ni nani wamo, ni nini kilitokea muda mfupi kabla, na ni nani mwingine anayejua kinachoendelea. Swali hilo la tatu ndilo la kulipa muda mrefu, kwa kuwa ndipo darasa linapoanza kutaja shangazi, mjumbe, mwenye nyumba na mwalimu mwenyewe.

Nina kibanda cha kuchora mabango karibu na soko la Mwanjelwa, na uchoraji nilijifunza kwa mtindo wa Tingatinga. Kila nikiombwa kuchora ukatili naambiwa nichore mwanamke mwenye jicho lililovimba na ngumi ya mwanamume. Matusi na kunyimwa matumizi yanachorwaje?

Ndugu yangu, niko upande wako kabisa. Lile jicho lililovimba linamsaidia mtu yuleyule ambaye bango lilipaswa kumgusa: anayewatesa watu wake kwa maneno, kwa kununa wiki nzima na kwa kuficha fedha hulitazama, akashusha pumzi na kusema kwamba yeye hajafika huko.

Chora mazingira kabla hujachora majeraha, kwa maana unyanyasaji wa nyanda hizi za juu kusini una sura zake. Chora mlango wa mbao uliofungwa komeo kwa ndani, usiku wa Julai, na mwanamke ameketi kizingitini akiwa na mtoto wake ndani ya kitenge kimoja. Aliyewahi kulala Makete au Njombe msimu ambao sakitu hutanda juu ya majani alfajiri hatahitaji kuelezwa kwamba kumfungia mtu nje ni kumtesa. Chora mizani na magunia ya viazi siku ya kuuza: mikono ya mwanamke, yenye udongo hadi kwenye kucha, bado inakaza kamba ya gunia la mwisho, na pembeni noti zinahesabiwa na mkono mwingine ambao tayari umeelekea mfukoni. Mwanamke huyo asizitazame zile noti. Wapo akina mama wengi wa Mbozi, Uporoto na Kilolo watakaojiona hapo, na wapo wanaume watakaojiona pia, bila ngumi yoyote kuonekana.

Matusi ni magumu zaidi, na ushauri wangu ni kwamba usiyaandike ndani ya puto la katuni, bali uwachore wanaoyasikia. Mtoto ameduwaa na kijiko chake kimekwama katikati ya sahani na kinywa. Msichana wa kazi, pengine aliyetoka kijijini Iringa mwezi uliopita, ameupa mlango mgongo na anasugua sufuria ambayo imeshatakata. Anayetukana anaweza kuwa kivuli tu ukutani, au asiwemo kabisa.

Hata wasanii waliochora damu waziwazi walijua kwamba damu peke yake haitoshi. Mwaka 1935 Frida Kahlo wa Meksiko alisoma gazetini habari ya mwanamume aliyemuua mwanamke wake kwa kumchoma kisu mara nyingi, kisha akajitetea mahakamani kwamba yalikuwa ni machomo machache madogo. Kahlo aliyageuza maneno hayo kuwa jina la mchoro, akayaandika kwenye utepe juu ya kitanda cha marehemu, na akamchora muuaji amesimama kando yake, kofia kichwani, katika utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Damu imerukia hadi kwenye fremu, lakini kinachomkosesha usingizi mtazamaji ni ule utulivu na yale maneno, kwa sababu namna hiyo ya kulipunguza kosa tunaisikia kila siku: nilimgusa kidogo tu, nilikuwa namrekebisha.

Kuhusu Tingatinga, usiuache mtindo wako kwa kudhani kwamba ni wa simba na twiga wa kuuzia watalii. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa nchi na kuanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, aliacha namna ya kuchora ambayo waliomfuata waliitumia hata kwa hospitali, harusi na masoko yaliyofurika watu. Wingi huo wa watu ndio unaouhitaji. Chora soko zima, wauza ndizi, bajaji, mama ntilie na wapiga debe, na katika pembe moja mwanamume amemshika mkewe mkono kwa nguvu na kumpokonya simu. Kisha fanya kila uso katika picha uwe umeelekea upande mwingine. Mteja atakaa na picha hiyo kwa muda kabla hajaiona ile pembe, na akiiona ataelewa kwamba na yeye alikuwa miongoni mwa waliogeuka.

Jirani yangu hapa Uyole hupigwa mara kwa mara. Nilimpiga picha kwa simu akiwa na majeraha, bila yeye kujua, na nataka kuisambaza ili watu waamke. Je, nifanye hivyo?

Hapana, dada yangu. Picha hiyo ni ya mwili wake na hajakuruhusu. Ikisambaa, yeye ndiye atakayetambulika na kuulizwa, na huenda usiku huohuo akapigwa kwa sababu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo haitakutetea. Mwendee akiwa peke yake, mwambie unayajua yanayompata, na umwonyeshe hiyo picha, kwa kuwa akiamua kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi inaweza kumsaidia. Uamuzi wa kuitunza au kuifuta ni wake.

Sisi ni kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, Tukuyu. Tunataka kufanya jambo la kuonekana katika Siku 16, lakini hatuna fedha wala mchoraji. Tuanzie wapi?

Anzeni na kamba ya kuanikia nguo. Mwaka 1990, katika mji wa Hyannis jimboni Massachusetts, Marekani, wanawake walianika hadharani fulana 31 zilizochorwa na kuandikwa na wanawake wenyewe walioupitia ukatili, na wazo hilo limeenea nchi nyingi tangu hapo. Mwaka 2009 msanii Elina Chauvet, ambaye dada yake aliuawa katika ukatili wa nyumbani, alipanga jozi 33 za viatu vyekundu barabarani Ciudad Juárez, Meksiko, kwa ajili ya wanawake waliouawa na waliopotea. Kazi zote mbili zilitumia vitu vilivyomo katika nyumba yoyote, na vazi tupu linasema kwamba mwenyewe alipaswa kuwa ndani yake.

Kwa mazingira ya Rungwe nina tahadhari mbili. Msitumie khanga na vitenge vyenu wenyewe, kwa sababu katika kijiji watu wanaijua khanga ya kila mtu, na kabla ya saa sita mchana itakuwa imeshatajwa ni ya nani. Nunueni kitambaa cha marekani, mkate vipande vilivyo sawa, kisha kila mmoja aseme sentensi moja inayoeleza alichowahi kuambiwa au kutendewa, kisha mwanakikundi mwenzake amwandikie, ili hata mwandiko usimfichue. Tahadhari ya pili ni mvua, ambayo Novemba huko kwenu haina miadi: anikeni barazani, kwenye ofisi ya kata au ukumbi wa kanisa, mahali ambapo watu hulazimika kupita wakiwa na shughuli nyingine. Na kila wakati awepo mtu wa kikundi karibu na kamba, kwa kuwa mama mmoja atasoma na kuanza kulia, na asiachwe peke yake.

Mimi ni mzee wa Makete. Hizi picha naona zinaanika aibu za nyumba za watu. Mambo ya ndoa tuliyamaliza sisi wazee, kimyakimya. Kwa nini yachorwe ukutani?

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwamba siri ya mtu fulani haipaswi kuchorwa, na mchoraji anayemchora jirani hadi akatambulika amefanya kosa kubwa. Lakini kitendo kinachofanyika katika nyumba nyingi kwa namna ileile si siri ya nyumba moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na ninyi wazee mmekuwapo kwa muda wote tangu ilipotungwa. Baraza la wazee lilipokemea, liliokoa watu. Lilipomrudisha binti kwa mume na kumwambia avumilie, lilimnyima mahali pa mwisho pa kukimbilia. Ningefurahi sana kama mchoro wa kijijini kwenu ungeonyesha wazee wameketi na kumhoji mpigaji, badala ya kumhoji aliyepigwa.

Mbona michoro yote humwonyesha mwanamume kuwa mtesaji? Sisi tunaoteswa hatuna rangi? (Msomaji wa Vwawa)

Mnayo, na sitaki kijana anayedhalilishwa na mkewe au mzee anayenyimwa chakula na watoto wake aone kwamba hayumo. Wachoreni. Ila picha ya mwanamume isitumike kuifunika ya mwanamke, kwa kuwa takwimu nilizozitaja hapo juu bado zipo.

Nafundisha darasa la tatu, Mbozi. Niliwaambia watoto wachore nyumbani kwao, na mtoto mmoja akachora jambo lililonitisha. Nifanye nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote niliyopokea, mwalimu, na nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza, usikate shauri kutokana na picha hiyo moja. Rangi nyeusi si ushahidi, mikono mikubwa si ushahidi, na mtoto aliyejichora mdogo sana huenda alibakiwa na nafasi ndogo kwenye karatasi. Vilevile usiipuuze. Mwite wakati wenzake wako nje, mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, umwambie tu akueleze kuhusu picha yake, kisha unyamaze. Usimuulize kama baba ndiye aliyefanya, kwa sababu ukishamtajia mtu utakuwa umempa jibu, na maelezo yake yatatiliwa shaka baadaye. Akisema jambo, usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote. Mwambie kwamba amefanya vizuri kusema, kwamba kosa si lake, na kwamba utatafuta watu wa kumsaidia.

Akisharudi darasani, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoitumia, hata kama ni Kinyiha, uweke tarehe, na uhifadhi mchoro wenyewe bila kuuongezea alama. Mchoro huo usibandikwe ukutani, usionyeshwe kwenye ofisi ya walimu, wala usipigwe picha na kupelekwa kwenye kundi la simu. Mweleze mwalimu mkuu, kisha afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto. Ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo hutakuwa umejiingiza katika mambo yasiyokuhusu. Usimwite mzazi kabla ya hatua hizo ikiwa kuna dalili kwamba tatizo liko nyumbani, maana mtoto atarejea huko jioni hiyohiyo.

Na kwa walimu wengine wanaotaka kutumia uchoraji madarasani: pangeni kwanza ni nani atakayempokea mtoto atakayesema, ndipo mgawe karatasi na kalamu za rangi.

Tumepewa ukuta wa nje wa zahanati Njombe tuuchore. Tuzingatie nini?

Pateni ruhusa kwa maandishi kutoka kwa mganga mfawidhi na serikali ya kijiji, na mumshirikishe afisa utamaduni wa halmashauri mapema. Waonyesheni akina mama wa kliniki michoro ya penseli kabla hamjagusa ukuta, kwa kuwa wao ndio watakaoketi mbele yake kila mwezi, na watakachosema hakifai kitolewe. Tumieni rangi ya mafuta, kwani ya maji haitamaliza masika mawili. Andikeni 116 kwa tarakimu kubwa, na kama mtaongeza namba ya dawati la kituo chenu, ipigeni kwanza, mchana na usiku, mhakikishe inapokelewa.