Namba ya nyumba ni umbali: kuijua kona ya karibu Chicago bila simu

Mtoto aliyekulia Ngamiani, Tanga, hujifunza kuhesabu kwa barabara. Kwenu ni barabara ya kumi na mbili, umetumwa duka la barabara ya nane: unajua kabla hujavaa ndala utavuka ngapi, na mama naye anajua urudi saa ngapi. Nilikaa Chicago karibu mwaka mzima kabla ya kutambua kuwa mji huu nao umehesabiwa, tena kwa uangalifu zaidi. Naandika hapa ili wenzangu mliofika juzi msisubiri mwaka mzima kama mimi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Ofisi hunitumia anwani, zamani nilikuwa naziingiza kwenye simu na kufuata mshale. Januari moja, asubuhi ya baridi ile inayouma hadi meno, nilipangiwa bibi mmoja mgeni kwangu, mtaa wa Kedzie, namba 4500 na kitu. Nikashuka kituo cha treni cha Kedzie, upande wa kaskazini mwa mji, nikiwa na dakika kumi za akiba. Simu ilikuwa na chaji ya nusu nilipotoka nyumbani, lakini baridi ikaizima mkononi. Sikuogopa, maana namba nilikuwa nayo kichwani. Nikaitafuta nyumba, nikaiona, namba ni ile ile. Nikagonga. Akafungua kijana mmoja, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Hapa hakuna bibi. Utakuwa unatafuta South."

Ndivyo ilivyokuwa. Bibi alikuwa South Kedzie, mimi nilikuwa North Kedzie. Mtaa mmoja, namba moja, na kati yetu kilomita kumi na sita na ushee.

Nilitakiwa kufika saa mbili, nikafika inakaribia saa nne. Nilimkuta kwenye kiti chake dirishani, bado yumo ndani ya nguo za kulalia. Dawa za asubuhi zilikuwa mezani hazijaguswa, kwa sababu huzinywa baada ya kula na hakukuwa na mtu wa kumpa chakula. Hakunigombeza. Aliniuliza kama mimi mwenyewe nimekula. Swali lile sijalisahau, na ndilo lililonifanya nijifunze namba za mji huu kama mtu anavyojifunza sala.

Somo la kwanza nilipewa njiani, na dereva wa basi nililopanda kuelekea kusini. Mama wa makamo, sauti ya upole. Nilipomweleza niendako aliniambia: "Binti yangu, Madison ndiyo sifuri, na State ndiyo sifuri. Ukishajua sifuri iko wapi, namba yenyewe itakwambia yaliyobaki."

Kona ya State na Madison iko katikati ya mji. State inagawa mashariki na magharibi, Madison inagawa kaskazini na kusini. Kuanzia hapo namba zinapanda kila upande, 800 kwa kila maili. Sasa igeuze iwe mita, ndipo utaona utamu wake. Maili ni kama mita 1,600, kwa hiyo namba moja ni mita mbili. Namba 100, yaani ile wanayoita bloku, kutoka kona hadi kona, ni mita 200. Ukiambiwa nyumba iko 2400 North, umeambiwa iko kama kilomita 4.8 kaskazini mwa Madison. Ukisimama mbele ya 2310 na unatafuta 2390, bado mita 160, huna haja ya kusimamisha mtu kumuuliza.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: namba iliyo kwenye anwani haikupi habari za mtaa wako, inakupa habari za mtaa unaoukatiza. Kedzie yenyewe iko 3200 West urefu wake wote. Lakini nyumba iliyo juu ya Kedzie, yenye namba 4500 na kitu North, inakwambia imepita kidogo Montrose, ambayo ni 4400 North, na haijafika Lawrence, ambayo ni 4800. Basi kazi iliyobaki ni kukariri mitaa mikubwa, na hiyo imepangwa kila baada ya namba 400, nusu maili. Ukitoka State kwenda magharibi: Halsted 800, Racine 1200, Ashland 1600, Damen 2000, Western 2400, California 2800, Kedzie 3200, kisha Pulaski 4000 na Cicero 4800. Ukitoka Madison kwenda kaskazini: Chicago Avenue 800, Division 1200, North Avenue 1600, Armitage 2000, Fullerton 2400, Diversey 2800, Belmont 3200, Addison 3600, Irving Park 4000, Montrose 4400, Lawrence 4800, Foster 5200, Bryn Mawr 5600, Peterson 6000, Devon 6400. Mimi niliikariri nikiwa ndani ya basi, kwa kutazama vibao. Vibao vya mitaa vimeandikwa namba hizo pembeni ya jina, na majina ya vituo vya treni nayo yameandikiwa namba zake. Nilikuwa nikiviona kila siku nikidhani ni mambo ya wafanyakazi wa manispaa.

Kusini ni rahisi zaidi, na kwa mtu wa Ngamiani ni kama kurudi nyumbani, kwa sababu mitaa mingi haina majina, ina namba. Ondoa tarakimu mbili za mwisho, umepata mtaa. Bibi yangu wa 4500 na kitu South yuko kati ya mtaa wa 45 na wa 46, basi. Angalia jambo moja tu: maili tatu za kwanza kusini hazifuati 800. Maili ya kwanza inaishia Roosevelt, 1200. Ya pili Cermak, 2200. Ya tatu mtaa wa 31. Kuanzia hapo mambo yananyooka: 39, 47, 55, 63, 71, nane nane kila maili. Kwa hiyo ukiwa karibu na katikati ya mji upande wa kusini, usipige hesabu ya mita mbili, utajidanganya.

Kisha upande wa mtaa. Namba shufwa ziko upande wa kaskazini au wa magharibi, witiri upande wa kusini au wa mashariki. Jaribu na majengo ambayo kila mtu anayajua. Maktaba kuu ya Harold Washington ni 400 South State: 400 kusini ni kona ya Van Buren, namba ni shufwa, kwa hiyo iko upande wa magharibi wa State. Willis Tower ni 233 South Wacker: kati ya Adams, ambayo ni 200, na Jackson, ambayo ni 300, na kwa kuwa ni witiri, upande wa mashariki. Kuvuka barabara pana yenye barafu mara mbili bure si jambo dogo ukiwa na mfuko wa chakula cha mgonjwa.

Mpango huu haukuzuka wenyewe. Mji ulikuwa umemeza vitongoji vingi, majina ya mitaa yakajirudia na namba zikagongana. Mtu mmoja aitwaye Edward Brennan alianza mwaka 1901 kushauri kwamba mji wote uhesabiwe kutoka sehemu moja. Sheria ikapitishwa 1908, namba mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1909, na katikati ya mji kukafuata 1911. Namwombea dua mtu huyu ambaye sikumjua. Alama yake nyingine iko magharibi: kati ya Pulaski na Cicero mitaa mingi midogo inaanza na herufi K, na ukizidi kwenda magharibi unakutana na L, halafu M, halafu N. Ukisikia Karlov au Kildare, jua umevuka 4000. Kedzie na Kimball hazimo katika kundi hilo, msije mkazichanganya.

Mitaa ya mshazari inataka subira. Milwaukee, kwa mfano, inakwenda kaskazini na magharibi kwa pamoja, lakini namba zake ni za North. Ukipewa 1600 North Milwaukee, namba inakuhakikishia North Avenue, ila haikwambii umbali wa magharibi, hapo lazima uulize au uwe na ramani. Na ukivuka Howard ukaingia Evanston, sahau kila kitu. Ule ni mji mwingine wenye hesabu yake.

Waliopo New York, Manhattan, wana kanuni tofauti, ngumu kidogo. Kwa anwani za kwenye avenyu unaondoa tarakimu ya mwisho, unagawa kwa mbili, kisha unaongeza, au kwa baadhi ya avenyu unapunguza, namba maalumu ya avenyu hiyo. Ya Lexington ni 22. Jengo la Chrysler ni 405 Lexington: ondoa 5, inabaki 40, nusu yake 20, ongeza 22, unapata mtaa wa 42, na kweli liko hapo. Ubaya wake ni kwamba kila avenyu ina namba yake ya kukariri. Ya kwetu nadhani ni bora, maana inahesabika hata ukiwa umechoka.

Ukiwa njiani na huna uhakika, soma namba za nyumba mbili zinazofuatana. Nyingi utazikuta kwenye kioo cha juu ya mlango. Zikipanda, unaikimbia sifuri, zikishuka unaifuata. Halafu rudia kuitazama herufi, N au S, E au W, kabla ya kitu kingine chochote. Ofisi nyingi huiandika kwa udogo, na wengine huiacha kabisa. Ikiachwa, piga simu uulize hapo hapo, usiku kabla ya kulala, wala usione haya.

Simu bado natembea nayo, lakini kila jioni naandika karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Ya kesho tayari iko hapa mezani: Western, N, 6100 na kitu. Nimepita Peterson, sijafika Granville. Shufwa, upande wa magharibi. Kutoka kona ya Peterson, mita mia mbili na kidogo.