Gari limefika anga za juu, mke wangu kaenda kulala

SWALI: Shikamoo Anko wa Picha. Mimi ni fundi wa mafriji hapa Tanga, mke wangu anafundisha fizikia sekondari. Kila Jumamosi usiku nikiweka picha la kibabe, hasa haya ya Fast & Furious, yeye anakaa dakika kumi tu anaanza kusonya. Juzi tulikuwa tunaangalia ile ya tisa, lile gari lilivyofungwa roketi likapaa mpaka anga za juu akanyanyuka akasema hivi nimeolewa na mtu mzima au na mtoto wa darasa la nne, akaenda kulala. Watoto walicheka sana. Sasa anko, kweli mi ndo mjinga au yeye hajui starehe? Na kuna picha gani ya kibabe nikimwekea hatanyanyuka?
Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba fundi. Pole, ila kucheka nimecheka, hasa hapo kwa darasa la nne.

We si mjinga bwana. Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, anajua kabisa kuwa picha ni uongo. Pale kwenye benchi, jasho linatiririka, nani alikuwa hajui kwamba risasi za maadui mia hazimpati stelingi ila yeye akifyatua moja wanaanguka watatu? Tulijua wote, na bado tulikuwa tunampigia kelele "nyuma yako! nyuma yako!" utadhani anasikia. Na mtafsiri, awe Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, alikuwa anamtania stelingi huku huku anamshangilia, na nusu ya utamu wenyewe ilikuwa hapo. Kwahiyo mwambie mwalimu hakuna aliyedanganywa.

Ila (na hapa utaninunia) mwalimu naye ana hoja, sema kaipeleka siko. Anailaumu fizikia, wakati fizikia haina kosa lolote. Shida ya lile gari sio kwamba lilifika anga za juu, shida ni kwamba wakati linapaa mi na wewe hatukuwa na wasiwasi hata chembe, tulikuwa tunakula karanga. Kumbuka walipoanzia mwaka 2001. Wezi wa mtaani Los Angeles wanavizia malori yaliyobeba deki za DVD. Deki za DVD jamani! Lakini kuna pale jamaa mmoja mkono umenasa kwenye waya, ananing'inia ubavuni mwa lori, na dereva wa lori ana bunduki na anaitumia kweli, yaani tumbo linakusokota mpaka unasahau karanga. Miaka 20 baadae wanaokoa dunia nzima kila picha na hakuna hata anayetoka jasho.

Tena kuna hili. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba baadhi ya mastaa wa hizo picha walikuwa wanahakikisha hawapigwi kupita kiasi kwenye mapigano, mpaka ngumi zinahesabiwa. Sasa stelingi anayehesabu ngumi mi nimuogopee nini?

Hela nayo inachangia. Marekani mwezi wa sita mpaka wa nane shule zimefungwa, joto kali, vijana wanakimbilia kwenye kumbi zenye kiyoyozi (sisi huku ndo kipupwe), basi kampuni zinatoa makombora yao yote muda huo, na mlipuko wa mwaka huu lazima uzidi wa mwaka jana. Ukishalipua mji unalipua nchi, ukimaliza nchi inabidi uende angani tu, utaenda wapi tena.

Ila nisiwaonee, kazi wanafanya. Ile ya tano, 2011, wanapoburuza kasha la chuma la pesa kwenye mitaa ya Rio, walitengeneza makasha kadhaa na moja lilikuwa ganda tu, ndani kuna gari na dereva anaendesha! Na ile ya saba magari yanayodondoka kutoka kwenye ndege ni magari ya kweli yalidondoshwa, wapiga picha wakaruka nayo na maparachuti. Jicho linajua bwana. Kitu kizito kikianguka kweli unakisikia mpaka kifuani, cha kompyuta kinapita tu kama tangazo la sabuni.

Sasa swali lako la pili. Mwekee Die Hard, ile ya kwanza kabisa ya 1988, na usije ukachanganya ukaweka ya 2007 maana humo jamaa yule yule anapambana na ndege ya kivita akarukia juu yake, mwalimu atakufungashia nguo. Hiyo ya 1988 ilitoka mwezi wa saba japo hadithi yenyewe ni ya Krismasi, sijui waliwaza nini. Polisi wa New York kamfuata mkewe Los Angeles, wamenuniana kidogo, majambazi wanateka jengo refu na yeye yuko pekupeku, viatu kavua dakika chache tu kabla. Milipuko imo ya kutosha, uongo umo pia, mwanaume anaruka kutoka juu ya ghorofa kajifunga mpira wa zimamoto kiunoni. Lakini kiongozi wa majambazi anagundua kuwa huyu mtu hana viatu, anawaambia wenzake wavipige risasi vioo, vipande vimwagike sakafuni.

Watoto walale kwanza, ina matusi na damu. Usimsimulie mbele, usimwambie "subiri uone". Na mkifika hapo kwenye vioo usimwangalie mwalimu usoni, chungulia miguu yake kama hajaikunja juu ya kochi.