Kabla hujatundika daluga: barua kwa mwanangu

Mwanangu Salum,

Umeniuliza: "Mama, nina miaka 30, goti linanisumbua, na klabu inanipa mkataba wa mwaka mmoja tu. Nikitundika daluga nitakula nini?" Swali zuri, ila umelichelewesha kidogo. Mpira huagwa mtu akiwa bado anapokea mshahara.

Nianze na goti, maana ndilo lenye haraka. Mkataba ukiisha, daktari wa timu naye si wako tena. Kabla ya siku hiyo kapigwe MRI, kipimo kinachoonyesha ndani ya goti, uchukue ripoti pamoja na picha zenyewe. "Lipo sawa" ya mdomo usiipokee. Kama uliumia kazini, wewe ni mwajiriwa sawa na karani wa benki. Dai la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) liwasilishwe ndani ya miezi 12, na bila taarifa ya mwajiri na karatasi za hospitali utazungushwa sana.

Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokuwekea pensheni. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya nusu ya mchango huo. Pensheni ya uzee inataka miezi 180. Sasa hesabu: misimu 9 bila kuruka hata mwezi ni miezi 108 tu. Na kuruka utakuwa umeruka. Mkataba ukiisha Juni ukasaini mwingine Agosti, hapo pana pengo. Klabu ikikukata isipeleke, pengo jingine, na hilo ndilo baya kwa sababu hati yako ya mshahara inaonyesha umekatwa. Omba taarifa ya michango ya mwezi kwa mwezi, uilaze kando ya hizo hati, upige mstari kila mwezi usioonekana. Miezi iliyopungua unaweza kuendelea kuichangia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri. Na meneja wako akishangilia usajili mnono wenye mshahara mwembamba, kumbuka mchango unahesabiwa kwenye mshahara.

Pesa ya usajili nayo ina mtego wake. Shilingi 30,000,000 za miaka miwili ni 1,250,000 kwa mwezi, basi. Ikiingia kwa mkupuo, ndugu wanaona milioni 30 nawe unaona milioni 30. Ya miezi ijayo iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unakoweza kuitoa ndani ya siku chache. Ile usiyoigusa nunua hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali: inaanzia 1,000,000 na inalipa riba kila miezi 6. Bodaboda tano ulizozitaja zisubiri. Biashara inayotaka hesabu kila jioni haipatani na kambi.

Klabu ikilaza mishahara miwili, usigome kimyakimya wala kutoroka kambini, utageuka wewe mwenye kosa. Kanuni za FIFA zinataka uwaandikie na kuwapa siku 15 walipe. Wasipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa mgogoro wa ndani ya nchi, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka TFF, shirikisho la soka la Tanzania.

Ukocha unaouwaza hauji kwa jina. Leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinapandwa kuanzia D, kisha C, B na A, na katikati unatakiwa uwe umefundisha kweli. Mwaka 2021 Didier Gomes, kocha wa Simba wakati huo, alikwama kukaa benchi la Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya leseni, na alikuwa mzoefu. Anza D msimu huu, ufundishe watoto siku zako za mapumziko.

Na mazoezi usiyakate ghafla. Punguza kwa miezi kadhaa, na sahani ya ugali ipungue pamoja nayo. Kilo zikiongezeka goti ndilo litakalozibeba. Misuli ya paja iendelee kufanyiwa kazi, ndiyo inayolishikilia.

Taarifa ya NSSF ukiipata, ipige picha unitumie. Tuhesabu miezi kabla hujasaini huo mwaka mmoja.

Mama yako