Barua kwa mwanangu: kima wa babu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia mtakuja Unguja mwezi wa Disemba, wewe, mumeo na watoto. Umeniuliza kama kuna maana ya kuipoteza siku moja kati ya siku zenu nne, tena kwa kumlipa mtu, ili akuonyesheni katika msitu wa Jozani kima walewale ambao babu yako akiwafukuza kwa kombeo shambani Kitogani. Nendeni, mwanangu. Asubuhi moja inatosha, na bahari mtaikuta palepale mchana.

Babu yako aliamini kima punju anamaliza minazi. Jina lenyewe ni la shutuma, maana punju ni sumu, na wazee walisema mti anaoukalia hufa. Nami nilikua na imani hiyo. Mwaka jana ndipo nilipoingia msituni na mtembeza wageni, kijana wa vijiji vya hukohuko, akanieleza kuwa watafiti waliwahi kuhesabu vidaka, yaani nazi changa, vinavyoliwa na kima, kisha wakahesabu nazi zinazoangushwa. Minazi iliyoliwa sana haikupungukiwa. Ilionekana hata kuzaa zaidi. Nikafikiri: mnazi wenyewe si hupukutisha vidaka vingi kuliko unavyovikomaza? Na sisi tuliokulia chini ya minazi hatukuwahi kukaa tukahesabu. Nilimkumbuka baba na kombeo lake, roho ikaniuma.

Kisha kijana akaniambia, "Mzee, mtazame mkono." Kima alikuwa tawini, hatua chache tu kutoka kwetu, anavuta majani machanga. Vidole vinne virefu, na pa kidole gumba pana kinundu tu. Umri wote huu nimeishi na kima, mkono ule sikuwahi kuuona.

Unakumbuka ulivyolia siku kima alipochukua makaa jikoni kwa mama yako? Ukaniuliza anayapeleka wapi, nikakujibu kuwa ni mwizi tu. Nilikukosea jibu. Anayala. Majani ya mkungu na ya mwembe yana vitu vinavyomdhuru tumboni, na makaa huvinyonya. Waambie wanao, na uwaambie babu yao ndiye aliyekuwa hajui.

Kwa hiyo msisimame barabarani mkapiga picha mkaondoka. Ingieni ndani na mtembezaji, mwende polepole. Ardhi ya Jozani hushika maji, na vuli ikiwa nzito mtayakuta yamesimama chini ya mitondoo. Wavalisheni watoto viatu vya kufunika, na mwangalie siafu. Paa nunga msimtarajie, ni mwoga sana. Kima msimguse wala msimpe chakula, na mwenye mafua akae mbali naye, kwani maradhi yetu humpata. Asili yake ni kisiwa hiki tu, hana kwingine pa kukimbilia. Dereva naye mwambieni apunguze mwendo: barabara ya kusini inaupasua msitu, na kabla ya kuwekwa matuta kima wengi waligongwa pale.

Mkitoka msituni, vukeni hadi kwenye mikoko ya Pete. Kuna daraja la mbao juu ya tope. Mkae hapo kidogo, mtaona mbegu ya mkoko ikining'inia mtini, imekwisha kuota kabla haijaanguka, ndefu na imechongoka. Mjukuu wangu mdogo ataipenda hiyo kuliko kima.

Tangu 2004 pahala pale pamekuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, kilomita za mraba 50 pamoja na ghuba ya Chwaka. Wanavijiji wengi wa pembezoni walikuwa na mashamba kama la babu yako, na wapo wanaoona walinyang'anywa. Mtembezaji akikugusieni habari hiyo, msikilizeni hadi mwisho.

Nipigie usiku wa kuamkia siku hiyo. Nitakusubirini barabarani Kitogani saa moja asubuhi, na mkikata tiketi, mnikatie na mimi. Nataka kuuona tena ule mkono.

Baba yako