Mtoto Wako Akiombwa Kushiriki Utafiti wa Dawa ya Malaria

Mwanangu alipougua malaria hapa Ujiji, mkoani Kigoma, muuguzi aliniomba ridhaa ya kumwingiza katika utafiti wa kupima ubora wa dawa mseto, nami nilikubali baada ya kuuliza maswali mengi. Utafiti wa aina hii umefanyika Ujiji zaidi ya mara moja, na hata Simbo kule Tabora, hivyo huenda nawe ukaombwa.

Soma fomu ya ridhaa hadi mwisho, au usomewe mbele ya shahidi unayemwamini iwapo hujui kusoma, kisha ubaki na nakala yako. Tafuta humo madhara yanayoweza kutokea, namba ya simu ya mtafiti na kibali cha maadili kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukikataa, au ukijitoa baadaye, mtoto hapotezi haki ya matibabu ya kawaida.

Maneno ya mumiani bado yanazunguka mitaani, na mzazi anayeogopa kwa ajili ya damu ya mwanawe simlaumu. Nilichokiona ni matone machache ya kidoleni: mengine kwenye kioo cha hadubini, mengine kwenye karatasi nene ambayo muuguzi aliiacha ikauke kabla ya kuifunga katika mfuko mdogo wa plastiki. Vimelea vikionekana tena baadaye, maabara hulinganisha vinasaba vyake na vya siku ya kwanza, ikajulikana kama dawa imeshindwa au mtoto ameambukizwa upya.

Kwa hiyo nasisitiza mahudhurio kuliko jambo lingine lolote. Dawa hunywewa kwa siku 3, homa hushuka, mtoto hurudia michezo yake, na mzazi huona hakuna haja ya kurudi kituoni, ilhali ufuatiliaji huendelea hadi siku ya 28 kwa sababu vimelea vichache vilivyosalia huweza kujificha kwa majuma kadhaa. Huko Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wamekwisha kuthibitisha vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo muhimu cha dawa mseto, na Kagera tumepakana nayo.

Kama mwezi huo unatarajia kwenda kwenye kambi za dagaa au kwa ndugu Kasulu, mweleze muuguzi kabla hujatia sahihi. Uliza pia nani atalipa nauli, na umpigie nani homa ikirudi usiku.