Maswali na majibu: kumbukumbu za Dar es Salaam

Sanamu ya Askari pale Posta iliwekwa na wakoloni. Kwa nini isiondolewe? (Msomaji, Tabata)

Si ya kwanza mjini. Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaiondoa, ikaishia Hamburg, Ujerumani, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Mwaka 1927 akasimama huyu askari wa shaba, singe imeelekea bandarini. Kila mtawala alifuta kumbukumbu ya mwenzake.

Someni maandishi yaliyo chini yake. Yanawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na hakuna hata jina moja lililochongwa pale. Kambi yao ilikuwa Kariakoo. Mimi nasema sanamu ibaki, tena pembeni liwekwe bango la Kiswahili linaloeleza nani aliiweka, na namna wengi wa wapagazi wale walivyochukuliwa kwa nguvu. Tukiing'oa, hata hicho kidogo walichoandikiwa kitapotea.

Shikamoo. Familia imeamua kuuza nyumba ya babu Ilala, na mnunuzi atajenga ghorofa. Tuokoe nini? (Mjukuu)

Marahaba, mwanangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo machache, na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita si kawaida kuwamo. Kwa hiyo kazi ni yenu, na ifanyike kabla hamjakabidhi funguo.

Pigeni picha baraza, ukumbi wa katikati, kila chumba, uani, jiko na choo. Kisha chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, na ndani ya kila chumba andika nani alipanga, alitoka wapi, alifanya kazi gani. Mji huu ulijengwa na wapangaji, Mzaramo na Mmanyema na Mnyamwezi chini ya paa moja, na watu hao hawana mnara popote.

Fungueni masanduku. Stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, barua, picha za studio, vyote vina thamani. Nyuma ya picha andika jina, mahali na mwaka kwa penseli laini, maana wino hupenya. Tafadhali msizitie laminesheni. Plastiki ile ikishashika haitoki bila kuharibu picha. Ziwekeni ndani ya bahasha, juu kabatini, mbali na mchwa na unyevu.

Bibi mrekodini kwa simu. Msimwambie "tupe historia," atawaambia hana. Mwulizeni maji walichota wapi, nani alipika pilau kwenye harusi, dansi la Jumamosi lilipigwa wapi, jirani alihama kwa nini. Mwacheni apotee kwenye maneno, msimkatize.

Kwa nini mitaa inabadilishwa majina? Watoto wangu hawajui Kichwele. (Msomaji, Buguruni)

Kichwele ndiyo Uhuru ya leo. Acacia ilikuwa Independence, kisha Samora. Majina hayo mapya nayapenda: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokuja kukiongoza Samora Machel, iliundwa hapahapa Dar mwaka 1962, hivyo Samora ni historia yetu pia. Linaloniuma ni la zamani kufutwa kabisa, hata mwenye barua ya 1950 asijue nyumba iko wapi. Kibao kina nafasi ya kutosha kuandika yote mawili.

Nyaraka za zamani nitaziona wapi? (Mwanafunzi)

Anza na Nyaraka za Taifa, Upanga, kwenye majalada ya Wajerumani na Waingereza; ulizia kwanza utaratibu wa kibali. Kuna pia maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kumbuka tu kwamba majalada mengi yaliandikwa na maofisa, na wakazi wa uswahilini humo wanatokea zaidi kwenye kodi na kesi. Yalinganishe na maneno ya wazee. Na uende na mtaa na mwaka mkononi; ukiomba "historia ya Dar," mhudumu hatajua akuletee jalada lipi.